Sungura akishika simu: hadithi za wazee na namna ya kuzisimulia upya

Tangu tuanze kurusha kipindi cha hadithi za usiku, swali moja linatufikia kuliko yote: nani kawapa ruhusa ya kubadilisha hadithi za babu zetu? Msikilizaji mmoja wa upande wa Korogwe alitutumia ujumbe wa sauti wa dakika tatu nzima. Alisema sungura aliyesimuliwa na bibi yake hakuwa na simu, hakujua vocha, wala hakutuma pesa kwa mtu, na kwamba redio inawafundisha watoto uongo juu ya uongo.

Tuliusikiliza ujumbe ule mara mbili. Ile ni hasira ya mtu anayelinda mali yake, na mali hiyo kweli ni yake. Kwa hiyo tumeona tusijibu kwa maneno mawili hewani. Tueleze hapa, kwa urefu, jinsi tunavyozishika hadithi hizi tunapozisimulia upya, wapi tunajipa uhuru na wapi tunasimama.

Kwanza, hadithi zenyewe hazijawahi kukaa mahali pamoja.

Chukua ile ya kima na papa, inayojulikana pwani yetu yote. Kima anakaa juu ya mkuyu ulioinamia bahari. Papa anakuja chini ya mti, anaomba matunda, kima anamrushia, na siku zinavyokwenda wanakuwa marafiki. Siku moja papa anamwalika rafiki yake kwao, ampeleke kwa kumbeba mgongoni. Wakifika kwenye maji mengi anasema ukweli: sultani wetu anaumwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hapigi kelele. Anamwambia pole, ungesema mapema, maana sisi tukisafiri mioyo yetu tunaiacha mtini. Basi turudi tukauchukue. Papa anageuza njia. Kima akishapanda mti wake hashuki tena, na papa akizidi kumwita, anajibiwa kwa kisa cha punda wa dobi, yule aliyeponea chupuchupu kwa simba kisha akadanganywa akarudi kwa miguu yake mwenyewe.

Hadithi hii iliandikwa Zanzibar na Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza ambaye baadaye alikuwa askofu, katika kitabu chake cha hadithi za Waswahili kilichochapwa London mwaka 1870. Ukisoma hapo utadhani imezaliwa Zanzibar. Kumbe imetoka mbali. Imo katika Panchatantra, mkusanyiko wa kale wa hadithi za Wahindi. Karne ya 6 mkusanyiko ule ulitafsiriwa Kiajemi, na karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akautia katika Kiarabu kwa jina la Kalila wa Dimna. Kutoka huko, kwa vinywa vya wasafiri na kwa vitabu, kisa kikaingia bahari yetu.

Sasa tazama kilichobadilika njiani. Kule India rafiki wa kima ni mamba, na mti ni wa jamii ya mizambarau. Katika Kiarabu mamba amekuwa kobe. Hapa kwetu akawa papa, kwa kuwa mtu wa pwani haogopi mamba akiwa baharini, anaogopa papa. Na mle ndani, katika kisa cha punda, anayemdanganya punda kule India ni bweha. Kwetu kazi hiyo kapewa sungura, na nani mwingine angeipata?

Lakini badiliko kubwa ni jingine. Kwa Wahindi na Waarabu anayetaka moyo wa kima ni mke wa yule rafiki, mke aliyechoka kuona mumewe anashinda mtini kwa kima. Kwetu anayeutaka ni sultani. Sisi tunaona hilo si jambo dogo. Mke mwenye wivu ni habari ya nyumba moja. Sultani mgonjwa ni habari ya nchi: anayeagiza moyo hamjui mwenye moyo, na papa si mwovu sana, ni mtumishi aliyetumwa akashindwa kukataa. Kisa cha ndani ya ndoa kimegeuka kisa cha utawala, na hakuna mtawala aliyetajwa jina. Msimulizi aliyefanya hivyo alikuwa fundi.

Na kisichobadilika ni nini? Urafiki wa wawili wasioishi mahali pamoja. Safari ya juu ya maji, ambako mmoja hawezi kukimbia. Na ule uongo wa moyo ulioachwa nyumbani. Toa kimoja kati ya hivyo vitatu, hadithi inakufa. Sisi huita vitu hivyo mifupa ya hadithi. Mnyama, mti, mji, nguo na chakula ni nyama ya juu. Kabla hatujaigusa hadithi yoyote, tunakaa mezani na kuuliza: mifupa yake ni ipi?

Sasa turudi kwa sungura na simu yake.

Hadithi ile ya asili ni ya kuvuta kamba, na wengi mnaijua. Sungura anamwendea tembo, anamwambia, mimi nakushinda kwa kuvuta. Tembo anacheka. Sungura anamwendea kiboko mtoni, maneno ni yale yale. Kisha anampa kila mmoja ncha ya kamba ndefu inayopita juu ya kilima, na yeye anakaa kileleni. Kutwa nzima wakubwa wawili wanavutana wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja akiamini kwamba mwenye nguvu zile ni sungura.

Mifupa yake ni nini? Si kamba. Kamba unaweza kuiondoa. Mfupa mkuu ni kile kilima: wakubwa wawili ambao hawaonani, na mdogo aliyekaa kati yao. Tulipolitambua hilo, simu ikaja yenyewe, kwa sababu simu ni kilima. Unaongea na mtu usiyemwona. Kwa hiyo sungura wetu alimpigia tembo kwa sauti nzito, akajiita mkubwa wa mtoni, na kumtaka ushuru wa maji. Akampigia kiboko kwa sauti nzito zaidi, akajiita mkubwa wa msituni, na kumtaka ushuru wa malisho. Wote wawili wakawa wanalipa, wanabishana, wanatishiana kupitia namba moja, mpaka siku walipokutana kivukoni, kila mmoja akimtafuta huyo mkubwa.

Kwa nini tulifanya hivyo na hatukuiacha kamba? Kwa sababu ya ujumbe ambao karibu kila mwenye simu nchini ameupata: ile hela itume kwenye namba hii. Kuna watu katika eneo letu waliotuma. Kuna waliotuma ada ya mtoto, na waliotuma hela ya mahindi yaliyouzwa siku ile ile. Tangazo la kuwaonya watu lisiloeleza jambo lilivyo ndani hupita sikioni kama upepo. Hadithi inayomfanya mtu amwone tembo mzima anasaini kwa kidole namba asiyoijua inakaa.

Hapo ndipo tulipobishana sana sisi wenyewe. Mmoja wetu alitaka anayeibiwa awe bibi kizee, maana ndivyo mambo yalivyo. Ni kweli ndivyo yalivyo. Lakini sungura wa hadithi zetu ni mdogo anayewashinda wakubwa. Watoto wanampenda kwa sababu hiyo, na wazee waliomsimulia wakati wa mabwana na makuli walikuwa na sababu zao za kumpenda. Ukimfanya amwibie bibi kizee, umemchukua fisi ukampa masikio marefu. Tukakubaliana: katika hadithi zetu sungura anaweza kushika simu, gari au cheo, lakini hamwibii mdogo kuliko yeye. Kama tunataka mwizi wa bibi kizee, tunaye fisi, na fisi huishia pabaya kama kawaida yake.

Hayo ni ya ngano za wanyama, ambazo hazina mwenyewe. Kuna hadithi za aina nyingine, zenye wenyewe, na hizo hatuzigusi hivyo.

Mfano wetu ni Mbegha. Mtu wa Lushoto, Bumbuli au Vugha hahitaji kuelezwa ni nani, lakini tuna wasikilizaji wa mbali, basi kwa ufupi. Mbegha alikuwa mwindaji kutoka Nguu. Alipokuwa mtoto mchanga aliota meno ya juu kwanza, yaani alikuwa kigego, na desturi ya zamani ilimhesabu mtoto kama huyo kuwa mkosi wa kuondolewa. Hakuondolewa. Alipokua, ndugu walimnyima urithi kwa sababu hiyo hiyo. Akaenda Kilindi, akawinda pamoja na mtoto wa mkubwa wa pale, na mtoto yule akauawa na nguruwe mwitu. Mbegha akakimbia na mbwa wake mpaka milima ya Usambara, ambako nguruwe walikuwa wanamaliza mashamba. Akawaua nguruwe, akawagawia watu nyama, nao wakampa chakula cha shamba. Akaua simba. Watu wa Vugha wakamfanya mtawala wao, na watawala wa ukoo wake wakawa wanasalimiwa kwa jina la Simba Mwene. Wanahistoria wanamweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 18.

Hadithi hii imeandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichoanza kuchapwa mwishoni mwa karne ya 19 katika misheni ya Magila, huku kwetu Muheza. Miaka ya 1960 mwanahistoria wa Marekani, Steven Feierman, naye alizunguka Usambara akikusanya masimulizi ya Mbegha kutoka kwa wazee. Hayakufanana neno kwa neno. Mmoja anaongeza, mwingine anaruka. Lakini nguruwe, nyama ya kugawa na simba havikosekani.

Hapa hatuwezi kumpa Mbegha bunduki au pikipiki. Wajukuu wake wapo, wanatusikiliza, na jina lake ni la ukoo wao. Kabla ya kurusha tulikwenda kwa wazee. Walitusikiliza, wakatuambia mambo fulani ya tambiko yasitajwe hewani, nasi hatukuyataja. Wala hatutayaandika hapa.

Je, bado kuna nafasi ya ubunifu? Ipo, na kwetu ndiyo nzuri kuliko zote: usibadilishe kitu, badilisha mahali pa kukaa. Wasimulizi wengi wanamkimbilia simba. Meno wanayataja kwa sentensi moja na kupita. Sisi tulitumia kipindi kizima kwenye meno. Mama amempakata mtoto, anapitisha kidole kwenye ufizi wa chini, hakuna kitu. Anapitisha juu, anakutana na ncha. Anajua maana yake. Anajua pia nani atakuja asubuhi kumwona mtoto. Je, atasema? Tulinyamaza hewani sekunde kumi, na sekunde kumi redioni ni ndefu.

Tulifanya hivyo kwa sababu imani ya kigego haijaisha. Iko vijijini, inasemwa chini chini, na kuna wanawake walioachika kwa sababu yake. Siku ya pili tulipata simu ya mama ambaye mtoto wake ameota meno ya juu kwanza. Alikuwa anamfunika mtoto mdomo kwa kanga kila mgeni akija. Kipindi kilichofuata tulisema wazi: watoto wengi huanza kuota meno ya mbele ya chini, kwa kawaida karibu na mwezi wa sita, lakini wapo wanaoanza na ya juu, na hilo peke yake si ugonjwa wala si mkosi. Mwenye wasiwasi aulize kliniki anapompeleka mtoto kupimwa uzito. Halafu tukaendelea na hadithi, mpaka yule kigego akawa Simba Mwene. Hilo redio haikuliongeza. Lilikuwamo tangu zamani.

Njia nyingine ni kubadili macho. Wachaga wanasimulia kwamba Kibo na Mawenzi walikuwa majirani. Mawenzi kila mara anazima moto wake na kwenda kuomba kwa Kibo, mpaka Kibo akachoka akampiga, na ndiyo maana Mawenzi leo ana kilele kilichochongoka na kupasuka. Hadithi husimuliwa kwa upande wa Kibo, mwenye moto. Mwambie mtoto aisimulie akiwa Mawenzi, utashangaa anachosema. Darasa moja la msingi lilitufanyia hivyo, na mtoto mmoja akauliza: kwani kuni za mlima mzima zilikuwa za nani? Hatukuwa na jibu la haraka.

Picha nazo zimefanya yake. Mwaka 2010 ilianza kuonyeshwa katuni iitwayo Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi, yenye visa vya kwa nini mnyama fulani yuko hivi au vile. Michoro yake inafuata mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyekuwa akichora Dar es Salaam kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao laini, aliyefariki mwaka 1972. Tunaipenda kazi ile. Ila tunasema hivi: picha inamwambia mtoto fisi anafananaje. Redio inamwachia amtengeneze mwenyewe, na fisi wa kichwani mwa mtoto anatisha kuliko wa kioo.

Redio nayo ina upungufu wake. Msimulizi wa jikoni anaona nyuso. Akisema paukwa anajibiwa pakawa, na akiona kamtoto kanasinzia anaingiza wimbo. Sisi tunasema paukwa kwa kipaza sauti, na ukuta haujibu. Ndiyo maana siku hizi tunawaalika watoto watano au sita studio, wakae sakafuni, na hatuwakatazi kucheka. Na ndiyo maana tunawaomba ninyi mrekodi huko huko nyumbani.

Kwa wanaotaka kuturekodia, haya ndiyo tuliyojifunza kwa sauti mlizokwisha kututumia. Usimrekodi mzee peke yake. Mzee akiambiwa aongee na simu anakuwa kama yuko mahakamani. Waweke wajukuu mbele yake, simu iwe pembeni, kama shubiri mbili kutoka mdomoni, juu ya kanga iliyokunjwa na si juu ya meza inayogongwa. Nyumba ya bati wakati wa mvua haifai. Kuku na mbuzi hawana neno, waache. Sehemu nyingi wazee hawapendi kusimulia mchana, wanasema ni mwiko. Usiwalazimishe, subiri usiku, na sauti za usiku ni nzuri zaidi.

Msimulizi asimulie kwa lugha aliyopokea nayo hadithi. Kama ni Kishambaa, Kibondei, Kizigua au Kidigo, iwe hivyo. Wimbo wa ndani ya hadithi ukitafsiriwa Kiswahili mara nyingi hauchezeki tena, na watoto wanaishi kwa ule wimbo. Tafsiri tutaifanya sisi, tena tukiwa na mtu wa lugha hiyo. Mwanzoni taja jina la kijiji na aliyemsimulia huyo mzee. Muulize kama anakubali isikike redioni, na jibu lake lirekodiwe humo humo. Akisema hapana, ibaki ya familia. Na usiiache hadithi kwenye WhatsApp peke yake. Simu ikiharibika imekwenda. Ihamishie kwenye memori kadi, na nyingine mpe ndugu wa mbali.

Mtuambie pia kama hadithi ni ya wote au ni ya ukoo. Tukijua hilo, tunajua kama sungura anaweza kupewa simu au kama kazi yetu ni kukaa kimya na kuirusha ilivyo.

Jumamosi ijayo ni zamu ya kima na papa. Tutaisimamisha pale pale kwenye maji mengi, kima ameshasema moyo wake ameuacha mtini, na papa bado hajageuka. Papa anamjua rafiki yake. Anamjua pia sultani, na anajua atakachofanyiwa akirudi mikono mitupu. Tuma sauti isiyozidi dakika moja utuambie papa anafikiri nini kabla hajageuka. Tutarusha zile zitakazotushangaza, kisha ndipo tumalizie hadithi.